Bwawa Tulilolifagia

Kijiji cha Ujamaa Kwemzindu,
S.L.P. 41,
Korogwe.

16 Septemba, 1973

Mpendwa mdogo wangu Mhina,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako imefika salama, marahaba. Mama naye amepokea ya kwake, ila analalamika kwamba umeandika moja tu ukawagawia watu watatu kama kipande cha muwa. Ameagiza kwamba siku nyingine kila mtu umwandikie shikamoo yake peke yake, karatasi si mali ya baba yako hata uibanie hivyo.

U hali gani na afya yako? Kifua kimetulia? Ulisema huko Praha miti imeanza kupukutisha majani na watu wameanza kutoa makoti sandukuni. Tafadhali na wewe ulitoe la kwako. Nakujua, utasubiri mpaka ukohoe ndipo uamini kwamba ni baridi. Na hao wenzako wa Kitanzania mnaokaa nao bweni moja, bado mnapika ugali kwa ule unga wa ajabu? Mama alipoambiwa kwamba mnaupika kwa unga wa ngano alijishika kichwa kama aliyeletewa habari ya msiba.

Sisi hapa Alhamdulillah ni wazima. Mama macho yanamsumbua kidogo lakini miguu bado ni ya msichana. Juzi amekwenda Misima kumwona mama mdogo, akarudi siku ya pili yake, anasema kule bada yao ya muhogo ni laini mno, haimfai mtu ambaye bado ana meno yake. Shemeji yako Athuman yuko palepale kiwandani kwenye korona, ile mashine ya kukwangulia nyuzi, anasukumia majani ya katani kutwa nzima na jioni anarudi akinuka kama korona yenyewe. Nimeacha kulalamika kwa sababu na mimi sinuki vizuri zaidi.

Mpwa wako Mashavu anakusalimu. Ameota meno mawili mapya ya mbele na kila mgeni lazima aonyeshwe. Mahindi ya shamba la kijiji yalikuwa ya kubahatisha, mvua ilikatika mapema, lakini mihogo ipo na mtama umetuokoa. Ramadhani iko karibu, tuombeane heri.

Basi. Habari za kuzunguka zimekwisha, na nikiendelea nitakuandikia hata habari za kuku, ilimradi tu nisifike ninapotakiwa kufika.

Mhina, zile namba za Juni na Julai nilizokutumia si za kweli. Za Juni kuanzia tarehe kumi, na za Julai zote. Nilizitunga nikiwa nimekaa jikoni, na wakati huo bwawa la tatu halikuwa na uhai wowote ndani yake. Sasa nimeliandika. Kama ile kazi yako bado hujaikabidhi, acha kusoma hapa uende kwanza kwa mwalimu wako umwambie asiitumie. Kisha urudi ukae, usome kilichobaki.

Nitaanza mbali, nawe univumilie, maana nikianza karibu nitalia na wino utachuruzika.

Unajua ulivyoniachia yale mabwawa matatu nyuma ya kiwanda. La kwanza la kupokea maji machafu yanayotoka kwenye korona pamoja na makapi yake, lile linalowafanya abiria wa mabasi ya Segera wafunge madirisha. La pili la kutulia, ambamo natia majivu ili ule ukali wa maji ya katani upungue. Na la tatu, lile la saruji lenye kina cha goti, ambamo maji hukaa juani mpaka yakageuka kijani kwa ule mwani wako mdogo usioonekana mmoja mmoja. Siku unaondoka uliniambia, "Dada, huu si uchafu. Hawa ndio wafanyakazi wangu. Wanakula uchafu wa kiwanda na kutupatia chakula cha samaki." Nilicheka, lakini nilikuelewa.

Ukanifundisha kazi. Kila asubuhi nikoroge maji kwa ule mwiko mrefu. Nichote kwa debe, nichuje kwa kaniki, nianike juani kile kinachobaki kwa ajili ya bata na samaki, lakini nisichote yote, nibakishe ili yaendelee kuzaana. Nizamishe ile sahani nyeupe uliyoifunga kwenye fimbo uliyochonga alama kwa kisu, nitazame inapotea kwenye alama ya ngapi, niandike. Ikipotea mapema, kijani ni kizito na bwawa lina afya. Ikichelewa, wafanyakazi wako ni wachache.

Sijawahi kukuambia jambo hili. Wakati ule nilikuwa na miezi minne tu katika kisomo cha watu wazima, na zile namba za sahani ndizo kitu cha kwanza nilichoandika nje ya darasa. Wenzangu walikuwa wakiandika "baba" na "kuku" ubaoni na kufuta. Mimi nilikuwa naandika kitu kinachopanda ndege na kwenda kusomwa Ulaya. Nilikuwa na majivuno, Mhina. Nilitembea kijijini kama mke wa diwani.

Lakini watu nao hawakosi la kusema. Waliniita Mama Utelezi. Watoto walikuwa wakinipita wanajifanya kuteleza. Mimi nilicheka nao, na nyumbani nilikuwa sicheki.

Sasa mwezi wa tano ilianza kampeni ya Mtu ni Afya, nadhani hata huko mmeisikia. Kila kijiji kiligawanywa vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, halafu kutenda. Kikundi chetu kilikuwa cha watu kumi na wanne, kiongozi wetu Mwalimu Hosiana, yule dada wa Mombo anayetufundisha kisomo. Ni mtu mwema, asiyependa maneno mengi, na redio ni yake. Tulichimba vyoo, tulifyeka, tulichemsha maji. Sijawahi kuona watu wazima wakifurahia darasa namna ile.

Wiki ya somo la malaria ndiyo wiki Mashavu alikuwa ametoka zahanati. Alilazwa siku tatu, homa imempanda mpaka akawa ananiita kwa jina la bibi yake. Nilikuwa nimekaa kwenye kikundi nimempakata, kichwa chake bado cha moto kifuani kwangu, na redio inasema mbu huzaliana kwenye maji yaliyotuama. Tulipomaliza kusikiliza tukaorodhesha maji yote yaliyotuama kijijini. Makopo, mashimo ya kufyatulia tofali, madimbwi ya bombani. Kisha mtu mmoja, simtaji kwa sababu hakuwa na ubaya, akasema, "Na lile la kijani la kiwandani je?"

Mwalimu Hosiana hakuamua yeye. Alinigeukia mbele ya wote akaniuliza, "Mwaija, wewe ndiye unayelijua. Tuseme nini?"

Nilijua la kusema. Ulinieleza mwenyewe kwamba maji yanayokorogwa kila siku mbu hawayapendi, na kwa miezi yote niliyoinamia bwawa lile sikuwahi kuona kiluwiluwi cha mbu hata kimoja. Lakini nilimtazama mtoto mapajani, nikawatazama wenzangu wanaonisubiri, nikaona kwamba nikifungua mdomo watasema Mama Utelezi anapenda utelezi wake kuliko mwanawe. Waliponyoosha mikono kukubali bwawa lisafishwe, na mimi nilinyoosha. Hakuna aliyenilazimisha. Mkono huuhuu unaoandika.

Msaragambo wa kazi ya kijiji kizima ukapangwa Jumamosi tarehe tisa Juni. Unaijua misaragambo ya kwetu, hakuna anayebaki nyumbani isipokuwa mgonjwa na mvivu, na mvivu naye hutafutwa. Walikuja na madebe, majembe, mafagio, wakaja na ngoma. Walizibua lile tundu la chini, maji yako yote ya kijani yakatiririka kwenye mtaro, na mimi nilisimama nikiyatazama yanavyokwenda. Halafu wakaingia ndani kusugua. Mama alikuwa mbele, kanga ameifunga kiunoni, fagio la chelewa mkononi, anaimba kuliko wote. Alisugua kuta za bwawa lile kama anavyosugua sufuria za sikukuu. Nilimsikia akimwambia jirani, "Mwanangu asije akarudi akakuta watu wameacha kazi yake ichakae."

Usidhani walikusudia kukuharibia. Waliona wanakutunzia. Walipomaliza kusugua wakaenda kuomba chokaa iliyobaki pale shuleni, wakalipaka bwawa lote chokaa, ndani na nje, jeupe kama kaburi la sharifu. Kandokando wakapanda maua ya manjano. Kisha wakapiga makofi na kunipongeza mimi, kwamba sasa nina bwawa la kumwonyesha hata waziri. Nilisema asanteni. Nikaenda nyuma ya ghala la makapi nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi.

Jumatatu yake nilijaza maji upya kutoka bwawa la pili, nikijua yatarudi kuwa kijani baada ya siku chache kama ulivyosema. Wiki ikapita. Maji yalikaa meupe, yana utando wa chokaa juu, hakuna kitu. Nikamwaga, nikajaza tena. Wiki ya pili, hakuna kitu. Sahani niliizamisha mpaka ikagusa sakafu na bado nikawa naiona, inanitazama.

Mwisho wa mwezi ulipofika nilikuwa na karatasi yenye namba tisa za kweli na nafasi ishirini na moja tupu. Ningeweza kukuandikia hivyohivyo. Lakini nilifikiria unavyoifungua bahasha ukiwa peke yako huko, katikati ya watu wasiojua hata jina la Korogwe. Ulishaniambia kwamba mtihani wako wa mwisho unategemea vipimo hivi, kwamba wenzako wana maabara na wewe una dada. Hivyo ndivyo ulivyoandika, nami nimeitunza barua ile. Nikaona siwezi kuwa mimi wa kukuangusha. Nikachukua kalamu nikaandika nne, nne na nusu, nne, tano, nne. Nikawa nabadilisha hapa na pale ili zifanane na za kweli. Ilikuwa rahisi, na mpaka leo naogopa nikikumbuka ilivyokuwa rahisi. Julai nikafanya tena, wala mkono haukusita.

Watu niliowakwepa kuliko wote miezi ile ni Salaash na mkewe Nasieku, wale Wamasai walioweka boma upande wa Handeni, ng'ambo ya reli. Nadhani nilikuandikia mwaka jana kwamba ndama wao walikuwa wakiharisha kwa kunywa maji ya kijito yanayopita kiwandani, na kwamba Salaash alikuja kuniuliza kama yale maji yanayotoka bwawa la tatu yanafaa. Nikamwambia ajaribu. Ndama wakapona. Tangu hapo Nasieku alikuwa akija na punda wake wawili kila baada ya siku mbili kuchota, na kule bomani walichimba shimo wakalisiliba kwa udongo wa kichuguu, wakawa wanayahifadhi humo. Tulipolimwaga bwawa, hakuna aliyekumbuka kuwauliza. Nasieku alikuja Jumatatu ile na punda wake, akatazama bwawa jeupe na maua yake, akanitazama mimi, akageuza punda.

Tarehe nne Agosti nilijikaza nikaenda kwao kuomba radhi. Nilibeba sukari na majani ya chai, mtu haendi kuomba radhi mikono mitupu. Nasieku alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Tukanywa chai ya maziwa. Nikamweleza yote, hata la kunyoosha mkono. Alisikiliza, kisha akasimama akanishika mkono akanipeleka nyuma ya zizi.

Mhina, lile shimo lao lilikuwa kijani. Kijani chako, kilekile kizito kinachong'aa juani. Nilipiga magoti nikaingiza mkono ndani, harufu ni ileile. Kwa miezi miwili alikuwa akiongeza maji ya kisima kidogokidogo, na samadi ya zizini ikichuruzikia humo, na wafanyakazi wako wakala wakashiba. Nilimuuliza kwa nini hakuwapa ndama yote yakaisha. Akanishangaa.

"Si wewe uliniambia nisichote yote?" alisema. "Ulisema nibakishe ili yazaane. Nimebakisha."

Sijawahi kuona aibu na furaha zikikaa kwenye kifua kimoja namna ile. Nilimfundisha mtu kazi, yeye akaishika, mimi nikaiacha.

Kesho yake Salaash mwenyewe alileta madebe manne juu ya punda. Usiku uliotangulia tulikuwa tumekwangua chokaa yote kwa panga mimi na Athuman, tukaosha mara tatu, tukajaza maji ya bwawa la pili yaliyotulia vizuri. Tukamimina. Siku sita hakikuonekana kitu. Siku ya saba niliona kama nadanganywa na macho. Siku ya kumi na mbili Athuman alipita akitoka kazini, akasimama, akasema bwawa la shemeji limerudi. Nilienda kwa Mwalimu Hosiana siku hiyohiyo nikamweleza nililopaswa kumweleza Juni. Alinisikiliza, akasema kosa ni letu wote, lakini angependa siku nyingine akiniuliza nimjibu. Kikundi kimekubali bwawa libaki, ila nikoroge asubuhi na jioni na kingo zifyekwe. Wamekuja wenyewe kukagua kama kuna viluwiluwi, wameinama na kopo, hawakupata. Maua yameachwa, ni mazuri.

Kwa hiyo ilipofika barua yako tarehe mbili mwezi huu, bwawa lilikuwa kijani tayari. Nilikuwa nimepona, au nilidhani. Nikasoma ulivyoandika: "Dada, namba za Juni na Julai ni nzuri kuliko zote. Mwalimu wangu anataka kuziweka kwenye kitabu chake, ili na watu wa nchi nyingine wachimbe mabwawa kwa kufuata kipimo chetu. Nimemwambia jina lako, ameliandika."

Niliisoma mara tatu. Athuman, ambaye anakupenda kama mdogo wake wa damu, alisema sasa ninyamaze. Bwawa limerudi, alisema, namba zilikuwa karibu na ukweli, hakuna atakayejua, nami nikisema nitamharibia kijana mtihani wake kwa sababu gani? Nami kwa siku tano nilikubaliana naye. Nilitaka sana kukubaliana naye. Lakini kila nilipozamisha sahani niliwaona watu nisiowajua, huko nchi nisizozijua, wamechimba bwawa na kusimama kando yake na daftari, wakijiuliza kwa nini la kwao halifiki alama nne, wakijiona wao ndio wajinga.

Mwishowe nikamwambia mama. Yeye hakuwa akijua lolote, alikuwa bado anasubiri umsifu kwa ile chokaa. Nilimweleza taratibu kwamba kile kijani ndicho kilichokuwa kazi yako, na kwamba siku ile kilimwagwa. Alikuwa anachambua mchele. Alichambua mpaka ungo ukaisha. Halafu akasema, "Kumbe nimemfagilia mwanangu kazi yake yote." Nikamwambia kosa ni langu, yeye hakuambiwa. Akasema, "Mwandikie. Usimfiche hata moja. Mimi nimekosa kwa kutojua, wewe usikose kwa kujua." Tangu siku hiyo karibu kila asubuhi anakuja bwawani kukoroga, ananiambia mimi nakoroga ovyo.

Mhina, nisamehe. Sikuomba mapema kwa sababu nilitaka kwanza uwe umeyasikia yote. Nimekupenda tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni kwenda nawe kisimani, na sijui kama nimewahi kukufanyia jambo baya kuliko hili, nalo nimelifanya kwa kukupenda, ndiyo maana linaniuma zaidi. Kama utakasirika, kasirika. Niandikie barua ya hasira, nitaisoma yote. Ila usinyamaze.

Nimeambatanisha karatasi tatu za kweli. Kwenye Juni na Julai, zile siku za uongo nimeandika "tupu" kila mstari, kwa sababu ndivyo bwawa lilivyokuwa. Agosti zinaanza tarehe tano, na chini yake nimeendelea mpaka jana. Ni namba mbaya. Kwa siku za mwanzo sahani haikupotea kabisa, halafu alama kumi na mbili, kumi na moja, tisa. Jana ilikuwa saba na nusu. Sijui kama zina maana kwa wasomi. Lakini nimeandika pia tulivyopaka chokaa na bwawa lilivyokataa kupona mpaka tulipoikwangua, na kwamba shimo la udongo la ndama liliweza kuhifadhi kijani miezi miwili kwa samadi na maji ya kisima. Pengine hilo nalo ni jambo. Wewe utaamua, mimi nimeandika nilichoona.

Kama wataikataa kazi yako na kukurudisha nyumbani bila cheti, rudi. Usikae huko ukiona haya. Chumba chako kipo, mama ameweka kitanda kipya cha kamba, na hapa hakuna atakayekuuliza swali kabla sijamjibu mimi kwanza. Nimeshazoea sasa kusimama mbele ya watu. Kama watakuongezea muda, kaa, maliza, nasi tutakusubiri.

Mama anakusalimu, anasema kwamba sasa bwawa lina mtu wa kulikoroga. Athuman anakusalimu, na ujue kwamba hakupinga tena nilipochukua kalamu, hata taa alinijazia mafuta. Mashavu anakutumia busu na meno mawili. Mama mdogo wa Misima anakuulizia kila mara. Salaash na Nasieku wanakusalimu, ng'ombe wao wazima. Mwalimu Hosiana anasema umsalimie mwalimu wako, kwamba walimu wote ni ndugu.

Mwenyezi Mungu akulinde katika nchi ya watu, akupe kifua kizima na macho ya kusoma, na akurudishe kwetu ukiwa mtu wa kweli kuliko dada yako.

Ombi langu la mwisho ni hili. Barua hii mfasirie mwalimu wako, yote, hata pale niliposema kwamba ilikuwa rahisi. Na lile jina langu aliloliandika, asilifute. Aliache hapo, aandike chini yake kwamba mwanamke huyu alidanganya siku hamsini na mbili, kisha akasema mwenyewe.

Ni mimi dada yako, niliyekukosea na ninayekupenda,

Mwaija binti Isihaka